Kompyuta Yako Inajua Zaidi ya Inavyoruhusiwa Kusema

Januari 31, 2005, Apple ilitangaza toleo jipya la kompyuta zake mpakato za PowerBook. Iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote iliuzwa dola 1,499 nchini Marekani. Miongoni mwa sifa zilizonadiwa siku hiyo ni hii: weka vidole viwili kwenye padi ya kugusa, viburute juu au chini, na ukurasa utasogea. Leo hata mtoto wa shule ya msingi hufanya hivyo bila kufikiri. Wakati ule ilikuwa sababu ya kutoa pochi, na aliyenunua PowerBook miezi michache kabla alijikuta na mashine iliyopitwa na wakati hata kabla haijapata mkwaruzo.

Mwaka huohuo mwandishi wa programu aitwaye Daniel Becker akatoa kitu alichokiita iScroll2. Ilikuwa draiva, yaani ile programu ndogo inayokaa kati ya kifaa na mfumo endeshi ili viwili hivyo vielewane. Ilikuwa draiva ya padi iliyofanyiwa marekebisho, naye akaigawa bure. Ukiiweka kwenye baadhi ya PowerBook na iBook zilizotengenezwa kabla ya 2005, zilianza kutii vidole viwili kama zile mpya za dukani. Hakuna skrubu iliyofunguliwa wala kipuri kilichonunuliwa. Padi ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Programu za aina hii tumezoea kuziita za kuigiza, kwamba zinatoa kwa ujanja kile ambacho mashine haikupewa. Nyingine ni hivyo kweli, na nitazifikia. Lakini iScroll2 haikuigiza chochote. Padi zile zilikuwa na uwezo wa kutambua kwamba vidole vilivyozigusa ni viwili, ila hapakuwa na programu ya kuziuliza. Ndiyo maana naamini kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyaita mapungufu ya kompyuta ni mapungufu ya maelezo na ya ruhusa, na kwamba maelezo na ruhusa hizo ni mali ya mtu aliyelipia mashine.

Tazama padi inavyofanya kazi. Chini ya ule uso laini kuna nyuzi nyembamba za kupitisha umeme, nyingine zimelala, nyingine zimesimama, zikikatana kama mistari ya daftari la hesabu. Kidole kinapokaribia, hubadilisha kiasi cha chaji ambacho nyuzi zilizo chini yake zinaweza kushika. Chipu hupima nyuzi zilizosimama moja baada ya nyingine, kisha zilizolala, mara nyingi katika kila sekunde. Kidole kimoja huinua vipimo vya nyuzi chache kila upande, na pale vilipopanda zaidi ndipo kidole kilipo. Padi ya namna hiyo ilibuniwa na George Gerpheide mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1994 Apple ikaiweka kwenye PowerBook za mfululizo wa 500. Hakuna kinachobonyea, na nguvu ya kidole haipimwi. Hata ile namba ambayo waandishi wa draiva huiita mgandamizo ni kipimo cha ukubwa wa nyama iliyogusa padi.

Weka sasa vidole viwili. Vipimo vinapanda mahali pawili kwa upande mmoja na pawili kwa upande mwingine, na makutano yake ni manne. Mawili ni vidole vyako, mawili ni mizuka. Chipu za miaka ile hazikuweza kujua yapi ni ya kweli. Kutatua fumbo hilo, ili kila kidole kijulikane kipekee, ndiko kulikowashughulisha John Elias na Wayne Westerman wa Chuo Kikuu cha Delaware, walioanzisha kampuni ya FingerWorks mwaka 1998. Westerman alikuwa na maumivu ya mikono yaliyofanya kuchapa kwenye kibodi ya kawaida kuwa mateso, na kibodi za kampuni yao hazikuhitaji kubonyezwa, ziliguswa tu. Apple iliinunua FingerWorks mwaka 2005.

Lakini kusogeza ukurasa hakuhitaji kutatua fumbo lolote. Vidole viwili vinapoteremka pamoja inatosha kujua mambo mawili: kwamba ni viwili, na kwamba wastani wa mahali vilipo unateremka. Padi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na habari hizo tayari. Kwa nini basi hazikuzitoa?

Jibu limo katika historia, na kwangu ndilo kiini cha jambo lote. Padi yenyewe ni mwigizaji. Ilipoingia sokoni, mifumo endeshi ilijua kifaa kimoja tu cha kusogeza mshale, nacho ni mausi. Kwa hiyo padi za kompyuta zinazotumia Windows zilitengenezwa zijifanye mausi wa aina ya PS/2: zipokee kidole, zikitafsiri kuwa mwendo wa kiasi fulani kulia au kushoto, kisha zipeleke baiti tatu kama mausi yeyote. Mahali hasa kidole kilipo, upana wake na idadi ya vidole vilitupwa humohumo ndani ya chipu kabla kompyuta haijavijua. Mashine iliyowashwa bila draiva maalumu haikuweza kutofautisha padi ya kisasa na mausi wa bei rahisi.

Ili padi iseme yote, ilibidi kubisha hodi kwa namna inayotambulika ndani. Padi za Synaptics, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1986 na Federico Faggin, yule aliyeongoza usanifu wa chipu ya Intel 4004, pamoja na profesa Carver Mead, ziliwekewa mlango huo kwa ustadi mkubwa. Unaipelekea padi amri ya kawaida ya mausi, ile ya kupanga kiwango cha usahihi, mara nne mfululizo, kila moja ikibeba biti mbili za ujumbe. Kisha unaiamuru ipime mara 20 kwa sekunde. Mausi wa kawaida angezichukua kama amri za ajabu zisizo na madhara. Padi ya Synaptics huelewa kwamba anayebisha anaijua, ikaacha kujifanya mausi na kuanza kutuma baiti sita badala ya tatu, hadi mara 80 kwa sekunde: mahali kidole kilipo, ukubwa wa mguso, na namba ya ziada ambayo ikiwa 0 maana yake ni vidole viwili, ikiwa 1 ni vitatu au zaidi, na kuanzia 4 hadi 15 ni upana wa kidole kimoja. Microsoft ilitumia mbinu ya ukoo huohuo kwa IntelliMouse yake ya mwaka 1996, yenye gurudumu: kompyuta hupanga kasi ya 200, kisha 100, kisha 80, na mausi akielewa hujitambulisha upya na kuanza kutuma habari za gurudumu.

Synaptics iliandika hodi hiyo kwenye mwongozo wake na kuuweka wazi. Ndiyo sababu watumiaji wa Linux walipata draiva nzuri ya padi iliyoandikwa na kutunzwa na watu ambao kampuni haikuwaajiri. Mwongozo tu ulitosha. Kampuni nyingine zilificha zao, na wanaozitumia wakasubiri mtu mwenye subira akae na kifaa, arekodi kila baiti inayopita na kukisia maana yake. Kazi ya mikesha mingi ambayo ingemalizwa na faili moja la kurasa chache.

Kuna padi ambazo kweli haziwezi kuhesabu vidole. Hapa ndipo uigizaji halisi unapoanza, na mimi huustahi sana. Draiva ya Synaptics kwenye Linux ina mpangilio wa mashine hizo: ikiwa padi inajua ukubwa wa mguso na upana wake, basi vidole viwili vilivyobanana vitaonekana kama kidole kimoja kinene kupita kawaida. Unaiambia draiva kwamba mguso ukizidi, tuseme, 40 na upana ukafika 8, ihesabu vidole viwili. Namba hizo hazimfai kila mtu. Mwenye vidole vyembamba atazishusha, fundi mwenye vidole vipana atazipandisha, la sivyo kila akilaza kidole gumba ukurasa utakimbia. Programu hapa inakisia, na kila anayekisia hukosea mara moja moja. Lakini mwenye mashine ndiye anayeamua ikosee upande gani, na hilo ni jambo kubwa.

Uigizaji una gharama yake pia, na anayeupigia debe hana budi kuitaja. Mfumo wa madirisha wa X, uliozaliwa MIT mwaka 1984, ulizoea mausi wa vitufe vitatu. Kompyuta mpakato nyingi zilikuja na viwili. Suluhisho likawa kwamba ukibonyeza cha kushoto na cha kulia kwa pamoja, programu ihesabu kuwa umebonyeza cha kati. Jambo rahisi, mpaka ufikirie linavyotekelezwa. Hakuna binadamu anayebonyeza vitufe viwili katika nukta ileile ya wakati, kwa hiyo programu ikipokea kitufe kimoja lazima ingoje ione kama cha pili kinafuata. Muda wa kungoja uliwekwa kuwa milisekunde 50. Maana yake ni kwamba ili kupata kitufe cha tatu, kila ubofyaji wa kawaida siku nzima unacheleweshwa kidogo. Kwa anayeandika barua hiyo si kitu. Kwa anayecheza mchezo wa kasi au kuchora kwa usahihi, vidole huhisi.

Wachoraji wa picha za pande tatu wanalijua vizuri tatizo hili la vitufe visivyokuwepo. Programu huria ya Blender inatarajia kitufe cha kati cha mausi kwa kuzungusha kazi, na pedi ya namba upande wa kulia wa kibodi kwa kubadili mitazamo: 1 kwa mbele, 3 kwa upande, 7 kwa juu. Kijana anayejifunza Blender Nairobi au Mwanza kwa kipakatalishi cha inchi 14 hana kimoja wala kingine. Waandishi wa Blender hawakumwambia akanunue kibodi. Waliweka sehemu mbili kwenye mipangilio: moja inazifanya namba za mstari wa juu zitende kazi ya pedi ya namba, nyingine inafanya Alt pamoja na kitufe cha kushoto kuwa kitufe cha kati. Anapoteza njia za mkato kadhaa zilizokuwa zikitumia Alt, lakini anaanza kazi leo.

Wapo wanaoziona programu hizi kama viraka vya watu wasio na uwezo wa kununua kifaa kamili. Hawajawafikiria watu ambao kwao hakuna kifaa kamili kinachouzwa. Kituo cha Trace cha Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, chini ya Gregg Vanderheiden, kilitumia miaka mingi kutafuta namna ya mtu mwenye mkono mmoja, au anayeandika kwa kijiti alichoshika mdomoni, kubonyeza Shift na herufi kwa pamoja. Jibu lao halikuhitaji kibodi mpya. Unabonyeza Shift, unaachia, programu inakushikia mpaka ubonyeze herufi. Nyingine ikawezesha namba za kibodi kusogeza mshale kwa asiyeweza kushika mausi. Kazi hiyo iliingia kwenye kompyuta za Apple na za IBM, na mwaka 1995 ikawa sehemu ya kawaida ya Windows 95. Karibu kila aliyetumia Windows amewahi kukutana nayo pasipo kuitaka: bonyeza Shift mara tano na kisanduku kinatokea kukuuliza kama uiwashe. Wengi hukifunga kwa kero. Kwa mtu fulani kisanduku kile ndiyo njia ya kuandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa, na ni halali kiendelee kutokea.

Si kila kilichokosekana kinastahili kuigizwa, nakubali. Mwaka 2016 Apple iliondoa safu ya juu ya vitufe kwenye MacBook Pro za bei ya juu na kuweka mkanda wa kioo cha kugusa. Zilitokea programu za kuuonyesha mkanda huo kwenye skrini kwa wasiokuwa nao, na baada ya miaka michache Apple yenyewe ikaachana nao. Lililonigusa zaidi ni kitufe cha Esc, ambacho kiliondoka pamoja na safu ile. Waandishi wa programu wanaokitumia siku nzima walilalamika, na macOS ya wakati huo ikawa na mpangilio wa kuifanya Caps Lock itende kazi ya Esc. Kitufe halisi kilirudi mwishoni mwa 2019 kwenye modeli ya inchi 16. Kwa miaka mitatu, mashine ya gharama kubwa vile iliegemea mbinu ileile ambayo fundi wa mtaani huitumia kwa kibodi iliyomwagikiwa chai.

Linalonitia wasiwasi sasa ni kwamba milango inafungwa. Windows za biti 64 tangu Vista zinakataa draiva ya kiini cha mfumo endeshi isiyo na saini ya kidijitali inayotambulika, na tangu mwaka 2016 draiva mpya za Windows 10 sharti zipitie Microsoft zisainiwe. Apple kuanzia 2017 ilidai mtumiaji aidhinishe draiva za watu wa nje, kisha kuanzia 2019 ikaanza kuzitoa kwenye kiini cha mfumo na kuzihamishia mahali penye ruhusa maalumu inayotolewa na Apple. Karabiner, programu huria ambayo watumiaji wengi wa Mac huitegemea kubadili kazi za vitufe, iliacha kufanya kazi macOS Sierra ilipotoka mwaka 2016, na ikabidi iandikwe upya. Iliokolewa kwa sababu mwandishi wake alikuwa hai, ana muda na ana moyo. Programu ngapi za namna hiyo hazikuwa na mtu?

Sababu ya kufunga milango ni ya kweli, na anayeipuuza hajui hatari. Programu inayoweza kubonyeza vitufe kwa niaba yako mara nyingi inaweza pia kusoma unachobonyeza, pamoja na nywila ya benki na namba ya siri. Draiva mbovu ndani ya kiini huangusha kompyuta nzima. Sitaki kurudi enzi ambapo chochote kilichopakuliwa kiliingia kilipotaka.

Hata hivyo, kumzuia mwizi na kumzuia mwenye nyumba ni mambo mawili, na uhandisi unajua kuyatenganisha. Kwenye mifumo mingi ya Linux inayotumia ulinzi wa kuwasha mashine kuna utaratibu unaoitwa ufunguo wa mwenye mashine. Unatengeneza ufunguo wako, unaomba usajiliwe, unazima na kuwasha kompyuta, na kabla mfumo haujaanza unakaa mbele ya kioo kuthibitisha kwa mkono wako kwa nywila uliyoiweka. Mwizi aliye mbali hawezi kuthibitisha. Tangu hapo draiva uliyoisaini mwenyewe inakubalika, na ulinzi dhidi ya nyingine zote unabaki palepale. Linganisha na Windows, ambako mtu wa kawaida anayetaka kutumia draiva yake lazima awashe hali ya majaribio na kuulegeza ulinzi huo kwa kila draiva nyingine. Njia bora ipo na inafanya kazi. Kampuni kubwa zinaweza kuiga.

Kampuni hizo zimefanya mema pia. Tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013 Microsoft imekuwa na kanuni moja ya padi: kifaa kinaripoti kila kidole kilipo, na Windows ndiyo inayotafsiri ishara. Kanuni imeandikwa hadharani. Kwa sababu hiyo mradi huria uliweza kuandika draiva inayozifanya padi za Apple zifuate kanuni ya Microsoft, na wanaotumia Windows kwenye MacBook wakapata ishara zote ambazo draiva rasmi haikuwapa. Kanuni ikiwa wazi, kazi ya mtu mmoja mwenye bidii inawafaa watu asiowajua.

Huku kwetu mashine huishi maisha marefu. Kompyuta iliyotumika miaka minne katika ofisi ya Ulaya huja kuanza kazi upya Kariakoo au Luthuli Avenue, wakati mwingine ikiwa na kibodi ya Kijerumani au ya Kifaransa, herufi mbili zimekufa, na kitufe kimoja cha padi hakiitiki. Fundi anaweza kumwonyesha mteja kibodi ya skrini, ambayo Windows imekuwa nayo tangu Windows 2000 na hufunguka hata kabla ya kuingiza nywila. Anaweza kuhamisha herufi iliyokufa kwenda kwenye kitufe kisichotumika kwa programu ya kusimamia kibodi iliyo katika PowerToys, ambayo Microsoft huitoa bure tangu 2020. Haya hayahitaji ruhusa ya yeyote, na ningependa kila chuo cha ufundi kinachofundisha kutengeneza kompyuta kiyafundishe kwa uzito uleule wa kubadili kibodi nzima, maana kibodi ya modeli ya zamani mara nyingine haipatikani kabisa, au bei yake inakaribia ya mashine.

Lakini fundi hawezi kufundisha padi ambayo lugha yake imefichwa. Hilo linaamuliwa siku mashine inaponunuliwa ikiwa mpya, na wanunuzi wakubwa wa mashine mpya katika nchi zetu ni serikali, kwa shule, hospitali na halmashauri. Mamlaka ya Serikali Mtandao ya Tanzania na Mamlaka ya TEHAMA ya Kenya tayari hutoa viwango na miongozo kwa taasisi za umma. Humo viongezwe vipengele vitatu. Padi na kibodi zifuate kanuni iliyochapishwa hadharani. Draiva zote zibaki zikipatikana hata baada ya modeli kuacha kuuzwa. Na mwenye mashine aweze kusajili ufunguo wake mwenyewe bila kuomba kibali nje ya nchi. Muuzaji asiyeweza kuitaja kanuni ya padi yake kwenye zabuni apunguziwe alama, kama anavyopunguziwa yule asiyetaja muda wa dhamana.